Barafu ya Namba Moja

Baba yangu, Naftaly Wamalwa, alifanya kazi ya kumwagia watu pombe kwenye glasi kwa miaka sita na hakuwahi kuionja hata tone. Nasema hivyo mwanzoni kabisa ili anayetaka kubisha abishe sasa, kisha anyamaze, maana nimechoka. Wako watu hapa Nakuru, wengine wana mvi kunishinda, ambao hata leo wakimtaja hupeleka kidole gumba mdomoni kama mtu anayekunywa chupani. Nawajua mmoja mmoja. Nawasalimia kwa heshima kwa sababu nililelewa, lakini moyoni sina heshima nao hata kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye meli ya abiria iliyozunguka Ziwa Viktoria, ikitoka Kisumu, ikipita Mwanza na Bukoba mpaka Entebbe, halafu inarudi. Kampuni siitaji jina. Ilishakufa, na sitaki mjukuu wa mtu aje kunigongea mlango. Baba alikuwa mhudumu wa baa ya daraja la kwanza. Sisi tuliishi hapa mjini, Bondeni, chumba kimoja na jiko la nje, kwa sababu mama, Nasimiyu, alikuwa na kazi ya kufua nguo katika hoteli moja karibu na stesheni na hakutaka kuiacha. Kila baada ya wiki tatu baba alikuja na treni akakaa siku nne. Hakukosa kuleta mfuko wa viazi alivyonunua dirishani pale stesheni ya Molo, bado vina udongo mbichi. Tulivingoja vile viazi kuliko tulivyomngoja yeye, naye alijua, akawa anatutania kwamba siku moja atavituma vije peke yao.

Mtu atauliza mlokole kama yule alifika vipi baa. Kanisa letu lilikuwa dogo, la mabati, la watu waliotoka magharibi kufuata reli na viwanda. Mambo mawili yalitutenga na makanisa mengine. La kwanza, hatukunywa pombe, iwe ya dukani au busaa ya nyumbani. La pili, hatukuapa. Hatukuapa mahakamani, hatukuapa kwa Biblia, hatukuapa kwa kaburi la mtu. Tulifundishwa kwamba anayeapa leo anakiri kuwa jana alikuwa anadanganya, na kwamba neno la mkristo lazima liwe na uzito uleule siku zote. Mtoto aliyesema "haki ya Mungu" alichapwa. Mimi nilichapwa mara mbili.

Basi baba alipopata ile kazi ya meli, hakuichukua kimyakimya. Alikwenda mbele ya kanisa akaomba ruhusa. Wazee walilijadili Jumapili mbili. Mzee wetu mkuu alikuwa Micah Khaemba, fundi wa kushona viti vya mabehewa, mtu mpole mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyembatiza baba katika imani hiyo na kumfundisha kila alichojua. Mwisho Mzee Micah akasema mtu anaweza kubeba chupa bila kubebwa nayo, mradi asionje. Baba akajibu, "Sitaonja." Yakaisha hapo, kwa neno moja. Hakuna aliyemtaka aweke mkono juu ya kitu.

Alijifundisha kazi nyumbani. Alijaza chupa tupu chai ya rangi, maji, na maji yenye maziwa kidogo, akapanga glasi za kuazima kwenye stuli, na mimi na mdogo wangu tukawa wageni. Tuliagiza kwa Kiingereza cha shuleni huku mama akicheka mlangoni. Kwa kuwa hakuweza kupima kwa ulimi kama wenzake, alipima kwa pua na kwa sikio. Alisema glasi ikijaa sauti ya maji hupanda, na kila kinywaji kina mahali sauti yake inapofika. Wageni wa meli walimsifu. Walisema hakuna mkono kama wa Naftaly kutoka Kisumu mpaka Entebbe, na hawakujua kwamba anachowapa hajui kina ladha gani.

Sasa niseme juu ya Namba Moja, na hapa naomba nivumiliwe, kwa sababu damu yangu huchemka.

Juu kabisa ya meli kulikuwa na kabini kubwa iliyoitwa Namba Moja. Ilikuwa na chumba cha kulala, sebule, bafu lenye maji ya moto, na baraza yake yenyewe ya kukaa ukitazama ziwa. Aliyekodi Namba Moja alilipa mara moja tu kule Kisumu, akapewa kadi nyekundu, na kuanzia hapo hakulipia kitu tena. Akitaka wiski saa nne asubuhi, anapewa. Akitaka chupa tatu za jini apige nazo kuta, anapewa. Kulikuwa na maua mezani, matunda yaliyokatwa, chai kitandani kabla hajafumbua macho, na kengele ya shaba ambayo ikilia baba aliacha chochote alichokuwa akifanya na kupanda ngazi mbio. Na kulikuwa na barafu. Barafu ilipakiwa Kisumu kwa mabonge makubwa, ikafunikwa kwa unga wa mbao ndani ya sanduku la bati, na ikiisha ilikuwa imeisha. Fungu la kwanza la barafu hiyo, kwa amri, lilikuwa la Namba Moja.

Chini, kwenye sitaha ya daraja la tatu, watu wetu walilala juu ya magunia ya pamba. Walikuwa wamelipa nauli yao vilevile. Maji ya kunywa waliteka ziwani kwa ndoo yenye kamba. Baa hawakuruhusiwa kukaribia, hata kununua soda, hata kama pesa wanayo mkononi. Kulikuwa na mnyororo kwenye ngazi, na baba aliuvuka kila siku akipanda kwenda kwa kadi nyekundu na akishuka kwa watu wanaofanana naye. Nilipomuuliza alijisikiaje, alisema mtu huzoea. Nadhani hapo alikuwa karibu zaidi na kusema uongo kuliko wakati mwingine wowote.

Ilikuwa Februari ya mwaka wa hamsini na nne. Meli ilikuwa safarini kwenda Mwanza, mchana, jua kali na ziwa limelala. Kwenye sitaha alikuwako mwanamke mmoja, Mboni, aliyekuwa akimfuata mumewe huko Mwanza, na mtoto wake wa mwaka mmoja alikuwa anaungua kwa homa. Mtoto alishaanza kugeuza macho. Mboni alipanda mpaka kwenye mnyororo akasimama hapo na mtoto mgongoni, hakuvuka, akamwomba baba barafu kidogo. Baba alinieleza kwamba hakufikiri. Alifungua sanduku, akavunja bonge zima, akalifunga kwa kitambaa cha kupangusia glasi, akashuka nalo mwenyewe. Walimkanda mtoto kichwani na kwapani mpaka akalia, na kilio hicho kilikuwa kitamu masikioni mwao.

Kengele ya Namba Moja ilianza kulia baba akiwa huko chini. Mgeni wa safari hiyo alikuwa bwana mmoja aliyekuja kutembea Afrika, mwenye shingo nene, na alikuwa amekunywa tangu asubuhi kwa nguvu ya kadi yake. Baba alipofika, mgeni akataka wiski na barafu nyingi. Baba akamwambia ukweli: barafu iliyobaki ni vipande hivi viwili. Mgeni akauliza nyingine imekwenda wapi. Mtu mwingine angesema imeyeyuka, na jua lile lingemwunga mkono. Baba alimwambia imekwenda kwa mtoto mgonjwa wa daraja la tatu. Yule bwana akamtazama, halafu akammwagia ile wiski kifuani, glasi nzima, akarudi kulala.

Nusu saa baadaye mkuu wa wahudumu aliitwa Namba Moja. Mgeni akalalamika kwamba mhudumu amelewa na anagawa mali ya meli kwa watu wa magunia. Mkuu wa wahudumu akashuka, akalinusa koti jeupe la baba, akasema harufu hiyo inatosha.

Niulize jambo moja. Mlevi wa kweli kwenye meli ile alikuwa nani? Alikuwa amelala juu, feni inampepea, viatu miguuni, na kesho yake akaletewa chai kitandani.

Meli iliporudi Kisumu, baba aliitwa ofisini bandarini. Karani aliyekuwepo, Owino, alikuja kumsimulia mama yangu miaka mingi baadaye, kwa hiyo naandika nilichokisikia kwa watu wawili, baba na Owino, na maneno yao yalilingana. Bwana wa ofisi, Mzungu, alikuwa na Biblia juu ya meza.

"Wewe napatia nani barafu ya Namba Moja?" aliuliza.

"Nilipatia mama mmoja wa chini, bwana. Mtoto wake alikuwa na homa mbaya."

"Nani nasema wewe naweza?"

"Hakuna mtu, bwana. Ni mimi mwenyewe."

"Kwa sababu wewe nalikuwa nalewa."

"Hapana, bwana. Pombe sijaonja tangu nizaliwe."

Owino anasema yule bwana hakuwa mtu mbaya sana; alitaka tu jambo liishe apate kwenda kula. Akaisukuma Biblia mpaka ukingoni mwa meza. "Basi shika hii. Apa wewe hapana lewa, mimi naandika, wewe narudi kazini."

Kazi ilikuwa pale, umbali wa kiganja. Baba hakuinua mkono.

"Siwezi kuapa, bwana. Kwetu hatuapi. Lakini nimesema hapana, na hapana yangu ni hiyo."

Msomaji akumbuke ulikuwa mwaka gani: vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto. Neno kiapo peke yake lilikuwa linawapandisha watu kwenye malori ya kwenda kizuizini, hapa Nakuru hasa. Bwana wa ofisi akakunja uso. "Huko msituni watu nakula kiapo ya ushenzi usiku yote," alisema, "na wewe nakataa ya Mungu mwenyewe? Mimi najua sasa wewe nasema uongo." Akamwambia Owino aweke karatasi kwenye mashine.

Mboni alikuwa ameshuka Mwanza na mtoto wake mzima. Hakuna aliyemuuliza lolote. Sidhani kama alipata kujua.

Baba alifika nyumbani Ijumaa bila viazi, na hapo mama alijua. Alitoa koti kwenye sanduku na barua mfukoni. Mama hakuigusa barua kwanza. Alichukua lile koti, akalinusa kifuani, akaligeuza, akanusa kola, akanusa ndani ya makwapa, kama alivyofanya kila siku na nguo za hotelini.

"Mlevi hunuka kutoka ndani," alisema. "Hii imemwagwa kutoka nje. Mtoto mdogo anaweza kujua."

Halafu akaniambia nisome barua. Ilikuwa ya mistari minne, ya Kiingereza, ina muhuri wa zambarau. Ilisema Naftaly Wamalwa amefukuzwa kwa kulewa kazini. Barafu haikutajwa. Nadhani waliona aibu kuandika kwamba wanamfukuza mtu kwa kumpoza mtoto homa, basi wakaandika kitu kisicho na aibu kwao.

"Ichome," mama alisema. "Jiko lina moto. Huko Lanet kambini wanatafuta mtu wa mesi, wa kuwapakulia askari, utasema ulikuwa nyumbani, watakujaribu."

"Wataniuliza nilikuwa wapi miaka sita."

"Si utajibu tu kitu, Baba Naliaka?"

"Nitajibu nini?" Akaikunja barua vizuri. "Jumapili nitaipeleka kanisani. Isije ikasemwa nilificha."

Nikiwa mkweli, hasira yangu haikuanzia kwa Wazungu wa Kisumu. Ilianzia pale, kwa baba yangu. Alikuwa na karatasi ya uongo mkononi, hatua mbili kutoka kwenye moto, na yeye anapanga kuipeleka mwenyewe mbele ya watu ili wasidhani ana siri. Nilimwona mjinga. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa sijaelewa kwamba alikuwa na kitu kimoja tu ambacho kilikuwa chake hasa, nacho ni kuaminiwa na watu wale wa kanisa la mabati. Kazi alijua atapata nyingine, ngumu au rahisi. Hiki kingine hakipatikani stesheni.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Habari zilishafika, kwa sababu treni hubeba maneno kuliko mizigo. Wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto, na mama alikaa benchi la mbele upande wake kwa vile ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Hakukuwa na mwingine mwenye sauti hiyo. Baada ya maombi baba alisimama, akaenda mbele, akampa Mzee Micah barua kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alisema, "hii barua inasema mimi nililewa. Sikulewa. Nimeleta muisome wenyewe, tusifichane."

Mzee Micah aliifungua, akaigeuza, akautazama muhuri. Kiingereza chake kilikuwa cha mabehewani. Akainua macho akanitafuta. "Naliaka, wewe uko darasa la saba. Kuja utusomee."

Nilikwenda. Nilisimama kati ya baba yangu na watu wote, nikaishika ile karatasi. Ningeweza kusoma kitu kingine. Wangeniamini, hakuna aliyekuwa na Kiingereza cha kunipinga. Lakini nami nilikuwa mtoto wa kanisa lile. Nilisoma kilichoandikwa, na nilipofika kwenye neno lenyewe nililitafsiri kama lilivyo: amelewa kazini. Sauti yangu haikutetemeka na mpaka leo najilaumu kwa hilo.

Mtu mmoja upande wa wanaume akasema, bila kusimama, "Si tulisema. Mtu anaishi na pombe miaka sita." Mwingine akauliza kama ni kweli aliambiwa aape akakataa. Baba akasema ni kweli.

"Kama ulikuwa safi, kwa nini ulikataa?"

Swali hilo liliulizwa ndani ya kanisa letu. Nimelirudia kichwani maisha yangu yote na bado siamini.

Mzee Micah aliinua mkono wakatulia. Alizungumza kwa upole wake uleule. "Ndugu Naftaly, mimi nakujua. Lakini barua iko na muhuri, na watu wanaongea mjini, na saa hizi serikali inaangalia kila kanisa. Hapa ni sisi kwa sisi. Apa mara moja tu, mbele ya Mungu, kwamba hukuonja. Tumalize hii maneno, twende nyumbani."

Baba alikuwa mtu mrefu, na nilimwona akiinama kidogo ili amtazame vizuri usoni.

"Mzee Micah," alisema, "ni wewe ulinifundisha nisiape."

"Mambo imebadilika."

"Mimi sijabadilika. Nilikwambia sitaonja, na sijaonja."

Mzee Micah akatazama mabati. Wazee wakanong'onezana kidogo, si muda mrefu, muda wa mtu kufunga viatu. Halafu akatangaza kwamba Ndugu Naftaly atakaa benchi la nyuma, lile lililo peke yake kando ya mlango, wanapokaa walioanguka, mpaka siku atakapotubu. Hakusema atubu nini. Naamini hakujua.

Baba alipita katikati ya kanisa, kofia mkononi, kila mtu akitazama magoti yake mwenyewe, na akaketi kwenye lile benchi. Lilikuwa fupi, alilijaza nusu.

Hapo mama akasimama. Aliacha kitabu chake cha nyimbo pale mbele, akatoka upande wa wanawake, akapita njia ileile aliyopita baba.

"Mama Naliaka," Mzee Micah aliita, "hiyo si mahali yako. Wewe hakuna mtu amekushtaki."

Mama aligeuka. Hakupaza sauti, lakini ilikuwa sauti ya kuanzisha nyimbo na ilifika kila pembe.

"Mzee, huyu nimeolewa na yeye miaka kumi na tano. Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana ni hapana. Nilidhani nilimpata hivyo kutoka kwa nyinyi." Akaketi kando ya mumewe, wakaenea vizuri.

Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele na ile barua mkononi. Mzee Micah akasafisha koo, akataja namba ya wimbo wa kufunga ibada, na watu wakainuka, vitabu vimefunguliwa. Wakangoja. Mmoja wa wanawake alijaribu, akashika juu mno, akaacha. Hakuna mwingine aliyejaribu. Walisimama hivyo wakitazama kurasa, mpaka aliyekuwa karibu na mlango akafunga kitabu chake akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja bila kuimba, na kila aliyefika kwenye benchi la nyuma alipita akiwa amegeuza uso upande wa ukuta.